Kabla hujanunua darubini ya nyota, tafuta kwanza giza

Januari moja nilikuwa ufukweni Kilwa Masoko, nikinung'unikia kiwingu cheupe kilichoganda upande wa kusini. Nahodha mmoja mzee akanicheka. "Mwanangu, wingu hufuata upepo. Lile linafuata nyota."

Lilikuwa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi kibete (yaani kundi dogo la mamilioni ya nyota) yenye umbo la ovyoovyo, umbali wa miaka nuru 160,000 hivi; mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Nami nilikuwa nimeshatupa pesa kwenye darubini iliyoandikwa boksini kwamba inakuza mara 500! Miguu yake ilitikisika hata nikipumua.

Kwa hiyo anza na macho yako. Chagua usiku usio na mbalamwezi, mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, mbali na taa za mji. Zima simu kabisa, ukae gizani nusu saa. Ukichungulia ujumbe mmoja tu, macho yanaanza upya. Kisha elekea kusini uitafute Suheli, nyota angavu kuliko zote upande ule. Shuka kutoka hapo kuelekea upeo wa macho, kulia kidogo. Ukiwa Kilwa na ukinyoosha mkono, Wingu liko kama ngumi tatu juu ya bahari. Ukiwa Nairobi litakuwa chini zaidi, kwa hiyo majengo na miti vitakusumbua.

Ukitaka kununua kitu, nunua darubini ya macho mawili, ya aina wanayovaa shingoni waongoza watalii, lakini iwe ya 10x50: inakuza mara 10, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Ndani ya Wingu utaona kifundo kimoja kinachong'aa kuliko pengine: Nebula ya Tarantula, yaani wingu kubwa mno la gesi na vumbi. Hapo gesi inajikunja na kuwa nyota mpya hadi leo, na baadhi yake zina uzito unaozidi jua letu zaidi ya mara mia. Kama Tarantula ingekuwa karibu nasi kama ilivyo nebula ya Orioni, mwanga wake ungetupa vivuli ardhini.

Usitarajie rangi zile za picha. Utaona ukungu wa kijivu, basi. Mpwa wangu alipochungulia alisema, "Ndiyo hili tu, mjomba?" Nikamwacha. Baada ya dakika kumi nikaidai darubini yangu, akakataa kuirudisha.

Wingu Dogo, jirani yake, litafute Novemba. Ni hafifu zaidi, na mimi lilinichukua usiku tatu.