Namba moja duniani, wanaitafutia nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Wachezaji wakubwa wa tenisi wana fedha tele. Kwa nini bado wanahangaikia kuwa namba moja?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Ingekuwa ni fedha tu, wengi wangeshastaafu. Kinachowanyima usingizi ni hesabu yenyewe: pointi zinazompanga mchezaji kwenye orodha ya ubora hudumu wiki 52 tu. Bingwa wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, hupata 2,000, na mwaka unaofuata zinaondoka, anaanza kuzitafuta upya. Novak Djokovic wa Serbia amekaa kileleni wiki 428, na hakuna aliyemfikia, mwanamume wala mwanamke. Hebu fikiria ni mara ngapi alilazimika kuitetea nafasi ile ile!

Mimi hufundisha watoto hapa Tabora, kwenye uwanja wa udongo, na wavu wetu tumeuunga kwa vipande vya nyavu za dagaa kutoka huko kwenu. Juzi binti wa miaka 11 alianzisha mpira mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Akakifunga kitambaa, akarudi mstarini. Hapakuwa na zawadi yoyote. Alitaka kumshinda kaka yake, basi. Naamini hata kwa wakubwa moto huanzia hapo, kwa mtu mmoja aliye mbele yako.

Wapo pia wanaotosheka. Ashleigh Barty wa Australia alistaafu Machi 2022 akiwa namba moja, na umri wake miaka 25. Wengi walishangaa. Mimi namheshimu mno: Wimbledon, ndoto yake kubwa, alishaitwaa mwaka uliotangulia.