Transfoma mbili sambamba, moja inachemka

SWALI: Ndugu Mhariri, kituo chetu kina transfoma mbili zinazofanya kazi sambamba. Kila moja ni ya kVA 1,000 (kipimo cha uwezo wake), volti 11,000 kwa 400, kundi la Dyn11 (namna koili zake zilivyounganishwa), na tepu zake, yaani swichi za kurekebisha volti kidogo, ziko nafasi ileile. Hata hivyo, mzigo ukifika ampea 2,600, ya kwanza hubeba ampea 1,560 na ya pili 1,040. Je, nikipandisha kidogo volti ya hiyo ya pili kwa tepu, zitagawana sawa?

JIBU: Hapana, na tunakusihi usijaribu. Hukututajia asilimia ya impedansi (ukinzani wa ndani dhidi ya mkondo) iliyoandikwa kwenye kibao cha kila transfoma, lakini vipimo vyako vinaielekeza: mgawanyo wa 3 kwa 2 ndio unaotarajiwa iwapo ya kwanza ina asilimia 4 na ya pili asilimia 6. Kwa kuwa zote mbili zimefungwa kwenye basiba zilezile (vyuma vya pamoja vya kupitishia umeme), anguko la volti ndani yake halina budi kuwa sawa, na hivyo yenye impedansi ndogo hulazimika kupitisha mkondo mkubwa zaidi. Ampea kamili, yaani mkondo wa juu unaoruhusiwa, ya transfoma ya kVA 1,000 kwa volti 400 ni takriban 1,443, kwa hiyo ya kwanza imezidiwa kwa asilimia 8 ilhali mwenzake bado ana nafasi.

Tepu hairekebishi jambo hilo. Ukileta tofauti ya volti ya asilimia 2.5 tu, kati ya transfoma hizo utazunguka mkondo wa takriban robo ya ampea kamili, yaani kama ampea 360, hata pasipo mzigo wowote. Mkondo huo, ambao karibu wote ni wa riaktivu (usiofanya kazi halisi), huzipasha koili joto bila kumfikia mteja. Ampea zinaweza kuonekana zimekaribiana kwenye mita huku kilowati zikiendelea kugawanyika karibu vilevile.

Kama asilimia ni hizo tulizokisia, jozi hiyo isipewe zaidi ya kVA 1,667, sawa na ampea 2,400 hivi, si kVA 2,000 kama jumla ya vibao inavyodai. Suluhisho la kudumu ni kubadilisha mojawapo kwa yenye impedansi inayolingana. Hiyo mpya nayo iwe ya Dyn11, kwani ya kundi lingine, Yyn0, volti zake zingetofautiana na za iliyobaki kwa pembe ya nyuzi 30 na kusukuma mkondo wa takriban mara tano ya ule kamili. Kabla ya kufunga breka (swichi ya kuiunganisha na basiba), nyutro zikiwa zimeunganishwa, pima volti kati ya fezi zenye jina moja pande zote mbili za breka. Isomeke sifuri au karibu na sifuri.

Kagua pia breka za njia za mzigo. Shoti ikitokea kwenye basiba, ukiacha impedansi ya gridi, transfoma ya kwanza inaweza kutoa ampea 36,000 na ya pili 24,000, hivyo breka iliyotosha kukata mkondo wa transfoma moja huenda isitoshe kwa mbili.