“Kila mara” au “mara kwa mara”?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa hifadhidata hapa Kampala. Niliwaandikia wenzetu wa Dar es Salaam kuhusu kweri (ombi linalotumwa kwa hifadhidata) na CPU (prosesa ya seva): “Kweri hii inatumia CPU sana kila mara.” Wamenijibu kwamba wameipima, inamalizika kwa milisekunde 4 tu. Kasoro iko kwenye Kiswahili changu au kwenye vipimo vyao?

JIBU: Vipimo vyao havina kasoro, ndugu, na wewe unajua unachokiona kwenye seva. Kilichowakosanisha ni “kila mara”. Ukiandika hivyo, msomaji anaelewa kuwa kweri ikiendeshwa tu, CPU inaliwa. Wakaiendesha, wakaona si kweli. Kumbe ulikusudia kwamba kweri ni nyepesi, ila haipumziki.

Usikimbilie kubandika “mara kwa mara” mahali pa “kila mara”. “Inatumia CPU sana mara kwa mara” ni mbaya zaidi: sasa inasikika kana kwamba kuna nyakati haitumii. Yatenganishe mambo mawili: “Kweri hii huendeshwa mara kwa mara, na kwa jumla inakula CPU nyingi.” Hoja yako imebebwa na hilo “kwa jumla”. Tuseme inaendeshwa mara 200 kwa sekunde. Milisekunde 4 mara 200 ni milisekunde 800 katika kila sekunde, yaani karibu kiini kizima cha prosesa hakina kazi nyingine. Kwenye mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, kiendelezi (programu ya nyongeza) cha pg_stat_statements huonyesha idadi ya miito, wastani wa muda na jumla yake, kila kimoja katika safu yake. Wao walisoma wastani, wewe jumla. Itaje safu yako. (Muda huo nao si CPU tupu: kusubiri diski na kufuli (data iliyoshikwa na kweri nyingine) kumo humo, kwa hiyo usiandike “CPU” kabla ya kuitazama CPU yenyewe.)

Kuhusu “sana”: wengi wetu Uganda tunaitumia kama “nnyo” ya Kiganda, kwa kitu kingi na kwa kilichozidi vilevile. “Mno” haitakuokoa, maana mtu humshukuru mwenzake mno bila kukosea. Ukitaka kulalamika, andika “kupita kiasi”, kisha kiasi chenyewe ukiseme. Zile milisekunde 800 kwa sekunde ni asilimia 10 ya seva yenye viini 8, lakini ni asilimia 40 ya yenye viini 2. Kwa seva ya kwanza, mimi ningeandika “nyingi” nikaishia hapo.