Dakika Kumi Zangu Zilikuwa Saa Nzima

Kila jioni nilikuwa namtumia mke wangu ujumbe kutoka kazini: "Dakika kumi natoka." Siku moja nikaingia nyumbani ndiyo kwanza anainjika sufuria. Nikauliza mbona chakula bado na nilishaaga mapema. Hakugeuka hata kuniangalia. "Wewe bwana, dakika kumi zako ni saa nzima. Mimi napika kwa hesabu hiyo, leo umewahi."

Iliniuma, lakini kesho yake nikatafuta daftari. Kwa wiki mbili, kabla ya kushika kazi yoyote niliandika kushoto muda ninaodhani itachukua. Nikimaliza, kulia naandika muda halisi. Ripoti ya mwezi: kushoto saa 2, kulia saa 4 na dakika 50. Kujibu barua pepe: nusu saa, ikawa saa moja na robo. Kitu pekee nilichomaliza kabla ya muda ni chakula cha mchana. Nilipojumlisha safu ya kulia kwa wiki ya pili nikapata saa 57, na mimi nilikuwa naapa kwamba sizidishi 45.

Kumbe ugonjwa huu wa kukadiria muda mdogo kuliko halisi si wangu peke yangu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuuhusu tangu mwaka 1979. Mwaka 1994 watafiti wengine waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walitaja siku 34, zikaenda zaidi ya 55. Sisi hukadiria kana kwamba simu haitalia na hakuna mtu atakayesimama mezani na ile "samahani, dakika moja tu." Na zile saa 57 si za kuchezea: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Programu za ratiba nilizijaribu pia. Nilimaliza jioni nzima nikichagua rangi.

Kilichonisaidia ni hesabu ya mke wangu: nikidhani saa moja, naandika mbili. Siku ya saa 8 naipangia kazi za saa 5 tu, zinazobaki zitajazwa na watu, nitake nisitake. Lililokuwa gumu ni bosi. Zamani akiniletea jambo nilijibu "sawa" kabla hajamaliza sentensi. Sasa nafungua daftari mbele yake: "Hii naweza kuileta Alhamisi. Ukiitaka Jumanne, kati ya hizi mbili ipi isubiri?" Mara ya kwanza alininyamazia hadi nikajuta. Kisha akakuna kichwa, akachagua. Najua wapo mabosi watakaojibu "zote," na kwao sina dawa. Lakini hata hapo ni afadhali ajue mapema kuliko kukuulizia Jumanne jioni.

Ule ujumbe wa "natoka" siku hizi nautuma nikiwa nimeshavuka mlango, begi begani. Mke wangu bado anasubiri nusu saa ndipo ainjike.