Saint Marie iko wapi, na mbona steringi kafa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi na mke wangu tumenogewa na Death in Paradise, ile tamthilia ya upelelezi ya Waingereza, mpaka tunalala saa nane za usiku, sasa tunabishana. Yeye anasema Saint Marie ni kisiwa cha kweli na anataka twende, mimi nimekitafuta kwenye ramani sikioni. Halafu yule inspekta wa suti, Richard Poole, mbona kauawa? Si tunajua steringi hafi?

JIBU: Umeshinda ndugu ila usimcheke sana mkeo, maana yuko nusu sahihi. Saint Marie ni ya kutunga tu, lakini mnachokiona ni Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani ambacho ni mkoa kabisa wa Ufaransa, hela yao yuro, na ule mji wa bandari unaitwa Deshaies. Kwenye hadithi wamekifanya cha Waingereza, ndo maana polisi wana sare za kiingereza huku bango la dukani nyuma yao limeandikwa Kifaransa. Kituo cha polisi chenyewe ni jengo la kanisa. Na yule mjusi Harry msihangaike kumtafuta, katengenezwa kwenye kompyuta.

Kuhusu Poole, BBC walianza kuirusha mwaka 2011, na Ben Miller, aliyemwigiza Poole, kila mwaka ilibidi awe mbali na familia miezi na miezi, akachoka akaomba kutoka. Wangeweza kumpandisha ndege arudi London yaishe, lakini wao wakaamua achomwe kitu cha kuvunjia barafu mwanzoni mwa msimu wa tatu, Januari 2014, kaketi zake kwenye kiti juani na suti yake. Mimi niliumia ila nikasema sawa, maana kuanzia hapo hujui tena nani yuko salama. Baada yake akaja inspekta mwingine, Kris Marshall, kisha Ardal O'Hanlon, Ralf Little, na sasa Don Gilet. Kamishna Selwyn Patterson, bosi wa polisi wa kisiwani, yeye yupo tu tangu msimu wa kwanza, wanaondoka anabaki.

SWALI: Nawezaje kumjua muuaji kabla ya inspekta? Nimeshindwa episodi zote!

JIBU: Unashindwa kwa sababu unaangalia sura za watu, angalia saa. Kisiwani washukiwa hawazidi wanne watano, hakuna aliyeingia wala kutoka, yaani kisiwa kizima ni kama chumba kilichofungwa, na episodi ya kwanza kabisa waliliweka wazi hilo, inspekta aliyekuwepo kabla ya Poole kapigwa risasi ndani ya chumba cha usalama na mlango umefungwa kwa ndani. Sasa ukisikia mlio wa risasi na washukiwa wote wako pamoja sebuleni na vinywaji mkononi, ule mlio mara nyingi sio uliomuua mtu. Alishakufa, au hajafa bado! Jiulize nani amefaidika na watu kuamini saa hiyo. Halafu inspekta akiganda ghafla na glasi yake hewani, rudisha nyuma dakika mbili usikilize neno la mwisho aliloambiwa, maana ndilo limemfungua akili, na mara nyingi limesemwa na mtu anayeongea mambo yake mengine kabisa.

Kinachoniudhi mimi ni kitu kimoja. Polisi Dwayne anamjua kila mtu kisiwani, mwenzake Camille anajua nani anadanganya kabla hajamaliza sentensi, wanazunguka juani siku nzima, halafu mgeni kutoka Uingereza anawakusanya watu na kutoa hotuba, sifa zote zake.

Na wewe ndugu wa kwanza, kama safari ni kweli na mnahitaji visa, msiende kupanga foleni ubalozi wa Uingereza kwa ajili ya Saint Marie. Nendeni kwa Wafaransa, semeni Guadeloupe.