Manowari na nyambizi: lipi ni lipi, na nani “amezama”?

SWALI: Redioni nasikia “manowari” ikitajwa kwa chombo kinachokwenda chini ya maji, na gazetini nalikuta neno hilohilo kwa meli inayobeba ndege. Je, manowari na nyambizi ni kitu kimoja? Na ni sahihi kusema “manowari haya”?

JIBU: Si kitu kimoja. Manowari ni meli ya kivita. Nyambizi ni chombo kinachoweza kusafiri chini ya maji. Nyambizi ya jeshi tunaweza kuiweka katika ukoo wa manowari, kama vile papa alivyo katika ukoo wa samaki, lakini anayesema “manowari” peke yake humfanya msikilizaji aone meli yenye sitaha na mizinga juu ya maji. Habari ikihusu chombo cha chini ya maji, andika nyambizi.

Nianze na hilo la “haya”, maana ni jepesi. Neno hili tumelikopa kutoka Kiingereza, man-of-war, jina la meli ya vita tangu enzi za matanga. Ma- ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe, si kiambishi cha wingi, wala hakuna “nowari” moja. Basi ni manowari hii, manowari hizi. Manowari imetia nanga, manowari zimetia nanga.

Wakati neno hilo linaingia pwani yetu, meli ya vita ilikuwa kitu cha kuonekana: milingoti, baadaye dohani, na midomo ya mizinga. Jina moja lilitosha. Lakini angalia siku mbili za Septemba 1914. Tarehe 20 alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Zanzibar na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imesimama kwa matengenezo ya mitambo. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, na ilipiga kutoka mbali ambako mizinga 8 ya Pegasus haikufika. Pegasus ikazama siku hiyohiyo. Hapo ni manowari kwa manowari, kila moja ikiiona nyingine.

Tarehe 22, mbali na pwani ya Uholanzi, manowari tatu za Kiingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, zilizamishwa moja baada ya nyingine katika muda wa kama saa moja na nusu. Ya kwanza ilipopigwa, ilidhaniwa imegonga bomu la kutegwa baharini, na wenzake wakasogea kuokoa watu. Aliyekuwa akipiga ni nyambizi moja ndogo ya Kijerumani, U-9, kwa topido, yaani kombora linalokwenda ndani ya maji. Walikufa watu zaidi ya 1,400. Jaribu kuisimulia habari hiyo kwa neno manowari tu: “manowari ilizamisha manowari tatu.” Jambo lenyewe limepotea, kwa sababu kilichoitikisa dunia ni kwamba aliyeua hakuonekana. Ndiyo maana lugha inahitaji majina mawili.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona kubwa kuliko la jina, nalo ni la kitenzi. Ndani ya neno nyambizi tunaisikia ile mbizi ya kupiga mbizi. Kichwa cha habari kikisema “Nyambizi yazama”, jamaa za mabaharia watalia, hata kama chombo kiko mazoezini na kila mtu ndani anakunywa chai. Kuzama kwa maana pana ni kuingia majini, hata jua huzama. Lakini kwa chombo cha baharini, msomaji huelewa kwamba kimepotea.

Tofauti hiyo iko hata katika ufundi wenyewe. Nyambizi inapopiga mbizi, vali za juu za matangi yake hufunguliwa, hewa ikatoka, na maji ya bahari yakaingia kwa chini. Chombo huwa kizito, kisha mapezi yake hukiinamisha omo, yaani sehemu ya mbele. Ikitaka kuibuka, vali hufungwa na hewa iliyoshindiliwa huachiwa ndani ya matangi ili iyasukume maji nje. Maji hayo hayafiki walipo watu. Yakifika kwa wingi, hapo nyambizi inazama. Kursk ya Urusi ilizama tarehe 12 Agosti 2000 baada ya milipuko ya topido katika omo yake, na watu wote 118 wakafa. Kwa hiyo: imepiga mbizi, imeibuka; ila Kursk ilizama. “Imezamia” nisingeipendekeza, kwani bandarini kuzamia meli ni kujificha ndani yake ili usafiri bila ruhusa.

Uangalie pia kuzama na kuzamishwa. Meli tunayoiita Liemba, ya Ziwa Tanganyika, zamani iliitwa Graf von Götzen. Wajerumani waliifunga mzinga uliotoka Königsberg, lakini ilijengwa kwa abiria na mizigo, hivyo naiita meli iliyofungwa silaha. Julai 1916 wao wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, wakiwa wamezipaka injini grisi ili zisiharibike. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ukiandika “ilizama 1916”, msomaji atadhani ni dhoruba au adui, na ile grisi haitakuwa na maana.

Kwa manowari za aina nyingine, usitafsiri jina kabla ya kujua kazi yake. “Meli ya uharibifu” kwa destroya ni tafsiri ya kubahatisha. Miaka ya 1890 vilikuwepo vyombo vidogo vya kasi vilivyobeba topido, na Waingereza wakaunda meli za kuviwinda na kuviangamiza. Jina lilikuwa refu, likakatwa, kikabaki kipande cha “mwangamizaji”. Andika destroya, kisha ueleze: manowari ya kasi inayosindikiza na kulinda meli nyingine.

Na “nyambizi ya nyuklia” iongezee maneno. Zipo zinazoendeshwa kwa nishati ya nyuklia bila kubeba silaha za nyuklia, na ndizo Australia inazokusudia kuwa nazo. Sema “inayoendeshwa kwa nishati ya nyuklia” au “yenye makombora ya nyuklia”. Zikiwepo zote mbili, taja zote mbili.