Kwa nini "more taller" ni kosa?

SWALI: Nimekatwa alama kwa kuandika "My brother is more taller than me." Kwa Kiswahili tunasema "ni mrefu zaidi kuliko mimi" na sentensi ni sahihi. Nimekosea wapi?

JIBU: Umeihamisha "zaidi" yetu ikaenda mahali isipohitajika. Katika Kiswahili, kivumishi hakibadiliki tunapolinganisha: mrefu hubaki mrefu, na mzigo wote hubebwa na "kuliko". Kiingereza hutaka kivumishi chenyewe kibebe alama ya ulinganishi, tena mara moja tu. Ukishasema "taller", "more" haina kazi. Kwa sababu hiyo hiyo, "tall than me" nayo ni kosa, maana hapo alama haipo kabisa.

Utajuaje uweke "-er" au "more"? Hesabu silabi kwa sikio, si herufi. Neno la silabi moja huchukua "-er": "short, shorter". La silabi tatu au zaidi huchukua "more": "more expensive". Tabu iko kwenye silabi mbili. Yanayoishia kwa "y" huwa "-ier", kama "happier"; mengi ya yaliyobaki hutaka "more", kama "more careful"; machache, mfano "clever", hukubali njia yoyote kati ya hizo mbili, ila si zote kwa pamoja. "Better" na "worse" ni za kukariri.

Chunga na tahajia: "big" huwa "bigger" kwa kuwa konsonanti moja ya mwisho imetanguliwa na irabu moja. "Slow" haifuati kanuni hiyo, kwani "w" hairudufiwi.

Ukitaka kukoleza, andika "much taller", kamwe si "very taller".

SWALI: Je, "senior than me" ni sahihi?

JIBU: Hapana, ni "senior to me". "Senior", "junior", "superior" na "inferior" zimetoka Kilatini zikiwa tayari na maana ya ulinganishi, kwa hiyo hufuatwa na "to".

SWALI: Kuna ubaya gani kuandika "My room is larger than my brother"?

JIBU: Umelinganisha chumba na mtu. Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa, kwani usingesema "chumba changu ni kikubwa kuliko kaka yangu". Ungesema "kuliko cha kaka yangu". Hiyo "cha" lazima ionekane pia kwenye Kiingereza: "than my brother's". Vivyo hivyo, "mizizi ya mti huu ni mirefu kuliko ya ule" ni "The roots of this tree are longer than those of that one." Kinacholinganishwa kikiwa kimoja, "those" huwa "that".